Nipe tano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashoga katika besiboli ya kulipwa

Kila ifikapo Juni, klabu za besiboli za Marekani zinapotundika bendera za upinde wa mvua, maswali yaleyale hunirudia. Mengine huulizwa kwa nia njema, mengine kwa uchokozi. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu mara moja. Penye kisa nimekaa, pasipo na kisa nimepita.

Yupo mchezaji wa Ligi Kuu aliyejitangaza huku bado anacheza?

Hapana. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, ambayo hesabu zake huanzia karne ya 19, imepitiwa na wachezaji zaidi ya 20,000. Mpaka ninapoandika haya, hakuna hata mmoja aliyesema hadharani kwamba ni shoga huku jina lake likiwa kwenye kikosi cha klabu ya Ligi Kuu. Wanaojulikana zaidi ni watatu, na wote watatu walisema wakishatundika glavu: Glenn Burke mwaka 1982, Billy Bean mwaka 1999, na mrushaji T.J. House, aliyewahi kuchezea Cleveland na Toronto, Desemba 2022.

Kikapu kilikuwa na Jason Collins mwaka 2013, na ule mpira wao wa Kimarekani ukawa na Carl Nassib mwaka 2021. Besiboli bado.

Mbona unatumia neno "shoga"? Si tusi?

Inategemea linatoka kinywani mwa nani. Pwani mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga", "shoga yangu njoo nikuambie", na hakuna anayegeuka kutazama. Neno hilohilo likimwelekea mwanamume, kwa wengine ni tusi na kwa wengine ni jina tu. Mimi nalitumia kama jina, kwa sababu ndilo linaloeleweka na kila msomaji bila mzunguko. Yako maneno mengine mitaani ambayo hayana matumizi ila kutukana, na hayo hutayakuta hapa.

Mtu akisema mwenyewe, nitaandika "amejitangaza". Akisemwa na wengine bila ridhaa yake, nitaandika "ameanikwa". Tofauti ya hayo mawili ni kubwa, nami nitairudia mwishoni.

Sijawahi kutazama besiboli. Nijue nini kwanza?

Sheria za mchezo tuziache. Jambo la kujua ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa, kwa kuwa majibu mengi hapa chini yanatoka humo.

Klabu za Ligi Kuu ni 30, na kila moja kwa kawaida ina wachezaji 26. Msimu mmoja ni mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, yaani karibu kila siku. Chini ya kila klabu kuna ngazi kadhaa za ligi ndogo, ambako kijana aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 anaweza kuzunguka miaka mitano au sita kwa basi, analala chumba kimoja na mwenzake, kabla hajaitwa juu. Wengi hawaitwi kamwe. Mwaka 2023, baada ya wachezaji wa ligi ndogo kupata mkataba wa pamoja, ngazi ya chini kati ya zile zinazocheza msimu mzima ililipa dola 26,200 kwa mwaka, na hapo walikuwa wameongezwa zaidi ya mara mbili. Mwaka huohuo kima cha chini cha Ligi Kuu kilikuwa dola 720,000.

Pembeni ya mfumo huo kuna ligi huru, zisizo na uhusiano na klabu kubwa. Mshahara ni mdogo, viwanja ni vidogo, na uhuru ni mkubwa zaidi.

Glenn Burke ni nani?

Mwana wa Oakland, California, aliyezaliwa mwaka 1952 na kusoma sekondari Berkeley, ambako alikuwa hatari zaidi kwenye kikapu kuliko besiboli. Dodgers wa Los Angeles walimsajili mwaka 1972 na kumpandisha Ligi Kuu Aprili 1976. Alikuwa na mbio na kifua kipana, na kelele zake ziliamsha chumba kizima cha kubadilishia nguo. Jim Gilliam, mmoja wa makocha wa Dodgers, alimfananisha na Willie Mays, jambo ambalo katika besiboli halisemwi ovyo.

Hakuwa amejitangaza kwa magazeti, lakini wenzake wengi walijua au walihisi. Na uongozi ulijua. Kwa masimulizi ya Burke mwenyewe, mkurugenzi wa Dodgers, Al Campanis, alimwita ofisini na kumwambia kwamba akioa, klabu itamlipia fungate la kifahari. Dola 75,000, anasema Burke. Naye akauliza: una maana nioe mwanamke?

Kulikuwa na jambo jingine. Burke alikuwa na urafiki wa karibu na kijana mmoja wa mjini, na kijana huyo alikuwa mwana wa Tommy Lasorda, kocha mkuu wa Dodgers. Mzee Lasorda hakuwahi kukubali kwamba mwanawe ni shoga, hata kijana alipofariki mwaka 1991 kwa maradhi yanayohusishwa na UKIMWI. Fikiria unacheza chini ya bosi wa namna hiyo, na kila jioni unapita kumchukua mwanawe mkatembee.

Mei 1978 Dodgers walimpeleka Oakland, wakampokea Billy North, mchezaji aliyekuwa anaelekea ukingoni. Waliokuwepo wanasimulia kwamba baadhi ya wachezaji walilia siku ile. Huko Oakland, mwaka 1980, alikuja kocha mpya, Billy Martin. Wenzake Burke wanakumbuka namna Martin alivyomtambulisha mbele ya kikosi: kwa neno la kashfa, lile wanaloitwa mashoga. Burke akaumia goti, akashushwa ligi ndogo, akaacha. Alikuwa na miaka 27.

Labda hakuwa mzuri tu. Mbona kila mchezaji aliyeachwa ana kisingizio?

Swali la haki, na takwimu zake hazimsaidii sana: mechi 225 katika misimu minne, wastani wa kupiga .237, yaani chini ya kipigo kimoja kwa kila majaribio manne, na homurani mbili, yaani mara mbili tu alipiga mpira ukaruka uzio. Watu wengi wenye takwimu kama hizo wameachwa bila kuwa mashoga.

Ila angalia wakati. Oktoba 1977 alianza kwenye kikosi cha kwanza katika mechi ya kwanza ya fainali, Dodgers na Yankees, New York. Miezi saba baadaye hayupo. Kijana wa miaka 25 mwenye mbio kama zile huvumiliwa misimu miwili mitatu ajifunze kupiga mpira uliopindishwa. Mimi naamini hakuvumiliwa kwa sababu ya maisha yake. Wewe unaweza kuamini vingine, lakini usianzie kwenye ile .237 peke yake.

Ni kweli kwamba "nipe tano" ilianzia kwake?

Hapa ndipo watu wengi huacha kubishana na kuanza kusikiliza.

Tarehe 2 Oktoba 1977, siku ya mwisho ya msimu wa kawaida, uwanja wa Dodgers. Dusty Baker, mwenzake Burke, ana homurani 29 msimu ule. Akipata moja zaidi, Dodgers watakuwa klabu ya kwanza katika historia kuwa na wapigaji wanne waliofikisha 30 kwa msimu mmoja. Steve Garvey, Reggie Smith na Ron Cey wameshafika. Anayemrushia ni J.R. Richard wa Houston, pandikizi la mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Baker anaupiga. Unavuka.

Anazunguka vituo vyote, na anapokanyaga cha nyumbani anamkuta Burke, ambaye zamu inayofuata ni yake. Burke amenyoosha mkono mmoja juu kabisa ya kichwa, kiganja wazi, mgongo umepinda kwa nyuma kama mtu anayetaka kuchuma embe asilolifikia. Wachezaji wa siku zile walikuwa na desturi ya kupeana mikono au kugongana viganja chini, usawa wa kiuno. Baker alikuja kusimulia kwamba aliuona mkono uko juu, akaupiga, basi. Ilionekana ndilo la kufanya. Kisha Burke akaingia kupiga, naye akapata homurani, ya kwanza maishani mwake katika Ligi Kuu. Aliporudi benchi, Baker akamlipa ile tano yake.

Je, hakuna binadamu aliyewahi kugonga kiganja cha mwenzake juu hewani kabla ya hapo? Sithubutu kuapa. Wapo wanaodai heshima hiyo ni ya timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Louisville, msimu wa 1978 na 1979. Lakini ya Burke ndiyo ina tarehe, ina uwanja, na ina mashahidi maelfu. Baada ya kuacha mpira alihamia mtaa wa Castro, San Francisco, uliojulikana kwa wakazi wake mashoga, na huko alikuwa akisalimia watu hivyohivyo barabarani.

Kwa hiyo mtoto anayekunyooshea kiganja akisema "nipe tano" baada ya kufunga bao la chandimu, mkono huo umepitia kwake.

Wakati wake ushoga ulikuwa kosa la jinai?

Si California. Sheria ya jimbo hilo iliyofuta kosa hilo ilianza kutumika Januari 1976, miezi mitatu kabla Burke hajaitwa Ligi Kuu. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za aina hiyo zilizobaki nchi nzima mwaka 2003, ikaruhusu ndoa mwaka 2015, na mwaka 2020 ikasema mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kazi kwa sababu hiyo.

Ziweke tarehe hizo kando ya jibu la swali la kwanza. Polisi hakuwa na haja na Burke. Aliyekuwa na haja naye ni mwajiri.

Alifariki vipi?

Vibaya. Mwaka 1982 alijitangaza kupitia jarida la Inside Sports, kisha akaketi mbele ya kamera za televisheni ya taifa na kulirudia. Alitarajia kishindo, palitokea ukimya. Mwaka huohuo alishiriki pia Michezo ya Mashoga ya kwanza, San Francisco, akikimbia mbio fupi. Mwaka 1987 gari lilimgonga na kumvunja mguu, na kwa mtu aliyekuwa amebakiwa na mwili wake tu, huo ulikuwa mwisho wa mengi. Kokeini, jela kidogo, kulala nje katika mtaa uleule uliokuwa ukimshangilia.

Oakland walipopata habari kwamba anaumwa UKIMWI na hana kitu, walimsaidia katika miezi yake ya mwisho, na lazima lisemwe. Alifariki tarehe 30 Mei 1995 akiwa na miaka 42. Mwaka 2021 Oakland wakaupa usiku wao wa Juni wa kuwaenzi mashoga jina lake. Dodgers walimwenzi uwanjani Juni 2022, mbele ya familia yake, miaka 44 baada ya kumpeleka kwingine.

Billy Bean ndiye yule wa filamu ya Moneyball?

Siye. Yule ni Billy Beane, jina lake lina "e" mwishoni, aliyekuwa meneja wa Oakland. Na ili kuwachanganya zaidi, wote wawili waliwahi kuvaa jezi moja Detroit mwaka 1988.

Bean asiye na "e" aliingia Ligi Kuu na Detroit Aprili 1987, na katika mechi yake ya kwanza alipata vipigo vinne, jambo adimu kwa mchezaji mgeni. Baadaye alichezea Dodgers, Japani, na San Diego. Alikuwa ameoa mwanamke, wakaachana, kisha akaishi kwa siri na mwanamume aliyeitwa Sam. Wenzake klabuni hawakujua. Akija mgeni, Sam alijificha.

Mwaka 1995 Sam akafariki kwa maradhi yanayohusishwa na UKIMWI. Bean hakwenda mazishini. Kwenda kungemaanisha kuomba ruhusa, na kuomba ruhusa kungemaanisha kueleza marehemu ni nani yake. Kwetu, mtu asiyeonekana msibani hutafutiwa sababu na ukoo mzima. Bean alilazimika kuikosa maiti ya mtu aliyelala naye kitanda kimoja, na kesho yake awe mtu wa kawaida uwanjani. Msimu ulipoisha aliacha mpira. Alikuwa na miaka 31.

Alijitangaza mwaka 1999. Julai 2014 Ligi Kuu ilimwajiri kuwa balozi wake wa kwanza wa ujumuishaji, akapanda hadi makamu wa rais. Kazi yake hasa ilikuwa kupita kambi baada ya kambi, kusimama mbele ya vijana waliokunja mikono kifuani, na kuwasimulia habari za Sam. Alifariki Agosti 2024 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 60.

Kwa hiyo wa kwanza kucheza akiwa amejitangaza ni nani?

Inategemea unahesabu ligi gani, na mwaka ni uleule: 2015.

Juni 25, katika mji mdogo wa Sonoma, California, mrushaji Sean Conroy wa Sonoma Stompers alipewa mpira usiku ambao klabu ilikuwa imeutenga kwa ajili ya mashoga. Hiyo ni ligi huru. Alirusha mechi nzima peke yake, akawatoa wapigaji wa Vallejo mara 11 kwa mirusho yake tu, Stompers wakashinda 7 kwa 0. Mwandishi wa riwaya angeambiwa amezidisha.

Agosti ikawa zamu ya David Denson, mchezaji wa kituo cha kwanza mwenye miaka 20, katika ngazi za chini za mfumo wa Milwaukee, mjini Helena, Montana. Yeye ndiye wa kwanza aliyekuwa ndani ya mfumo wa Ligi Kuu. Kwa alivyosimulia, mambo yalianza kwa utani: mwenzake alimrushia lile neno la kashfa, na Denson akamjibu, bila ukali, kwamba awe mwangalifu, hujui unasema na nani. Chumba kikaelewa. Wakamzunguka, wakamwambia wewe ni mwenzetu. Kabla ya kwenda kwa waandishi alikuwa ameshazungumza na Billy Bean. Denson aliacha mpira mwaka 2017 bila kufika juu.

Wamefuata wengine katika ligi ndogo: Solomon Bates, mrushaji wa mfumo wa San Francisco, Agosti 2022, siku klabu ilipomtema, na Anderson Comas, kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyekuwa na White Sox wa Chicago, Februari 2023. Yupo pia Kieran Lovegrove, mzaliwa wa Johannesburg aliyekulia California, ambaye mwaka 2021 alisema anavutiwa na jinsia zote mbili.

Nyota ana mkataba wa mamilioni. Anaogopa nini?

Swali hili huja na dharau kidogo, kana kwamba fedha ni dawa ya kila kitu. Tulitazame kwa utaratibu wa kazi yenyewe.

Nyota hazaliwi nyota. Kabla ya mamilioni kuna ile miaka mitano ya mabasi. Katika miaka hiyo kijana anaweza kutemwa asubuhi yoyote, kocha wa ngazi ya chini anamwita pembeni na kumwambia klabu imeamua vingine. Hakuna anayelazimika kutoa sababu, na kwa kuwa kila wiki wanatemwa wengi, hutajua kamwe kama ni mkono wako dhaifu au mdomo wako. Anayetaka kufika juu hujifunza kutompa mtu sababu yoyote. Ananyamaza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anabuni rafiki wa kike wa mji mwingine. Akifika juu na fedha zikaja, ukimya umeshakuwa sehemu ya mazoezi yake, kama kunyoosha misuli.

Kisha kuna chumba chenyewe. Wanaume 26, mechi 162, miezi sita, nusu yake safarini. Mchezaji wa kandanda humaliza mechi akaenda kwake. Wa besiboli anawaona haohao kesho saa nane mchana, na keshokutwa, na mtondo. Wako kimya wakisubiri mpira kwa saa tatu, na wanaume wanaosubiri hutaniana. Tyler Dunnington, aliyekuwa mrushaji katika ligi ndogo za klabu ya Cardinals, aliacha baada ya msimu wa 2014 na mwaka 2016 akaeleza kwa nini: alikaa akisikiliza wenzake na makocha wakizungumza juu ya kuwaua mashoga, hawajui kwamba mmoja wao yumo chumbani. Ligi ikachunguza. Yeye mpira alikuwa ameshauacha.

Na usisahau kwamba mnyamavu si lazima awe anateseka. Wengine hawataki tu kuulizwa swali moja maisha yao yote. Mchezaji wa kwanza wa Ligi Kuu atakayesema hataulizwa tena habari za mkono wake wa kulia kwa msimu mzima.

Vipi waamuzi?

Dale Scott alichezesha Ligi Kuu tangu miaka ya 1980 hadi 2017, zikiwemo fainali tatu. Oktoba 2014 jarida la waamuzi liliandika makala juu yake na kuomba picha. Akawapa, pamoja na nyingine, moja aliyopiga ndani ya ndege akiwa na mumewe, wakielekea Sydney ambako msimu wa mwaka ule ulifunguliwa. Jarida likaichapa na kumtaja mume kuwa mwenzi wake wa muda mrefu. Hakuna tangazo, hakuna machozi. Ilichukua wiki kadhaa kabla vyombo vikubwa havijagundua, na Desemba akathibitisha. Ofisi ya ligi ilikuwa inajua siku nyingi, maana mume alikuwa kwenye fomu zake za bima.

Alisema alirudi kazini msimu uliofuata, na makocha wakaendelea kumzomea kwa sababu ileile ya siku zote: maamuzi yake.

Na wanawake?

Kuanzia 1943 hadi 1954 Marekani ilikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake, na zaidi ya wanawake 600 walicheza. Walicheza kwa sketi fupi, wakiteleza chini na kuchubuka mapaja. Mwanzoni walipelekwa masomo ya urembo, rangi ya mdomo ikawa ya lazima, nywele fupi zikakatazwa. Wenye ligi hawakutaka mtazamaji ashuku lolote.

Wasagaji walikuwemo hata hivyo. Terry Donahue wa Peoria alikutana na mwenzi wake mwaka 1947, wakaishi pamoja miongo kadhaa wakiwaambia ndugu kwamba ni marafiki tu wanaogawana kodi. Maybelle Blair, aliyewahi kuchezea klabu hiyohiyo, alijitangaza mwaka 2022. Alikuwa na miaka 95.

Mchezaji akitoa tusi la kishoga uwanjani, anaadhibiwa?

Siku hizi ndiyo. Ulinzi dhidi ya ubaguzi kwa msingi huo uliingizwa kwenye mkataba wa wachezaji mwaka 2011. Septemba 2012 Yunel Escobar wa Toronto alishuka uwanjani na tusi la Kihispania limeandikwa kwenye zile alama nyeusi chini ya macho. Akakosa mechi tatu. Kevin Pillar, wa klabu hiyohiyo, mbili, mwaka 2017. Jarren Duran wa Boston, mbili, Agosti 2024, baada ya kumjibu shabiki. Mechi mbili kati ya 162 si adhabu ya kumnyima mtu usingizi, lakini miaka ya Billy Martin haikuwepo hata hiyo.

Usiku wa Fahari, ule wa bendera za upinde wa mvua, si biashara tu?

Biashara imo, tusidanganyane. Ni tiketi, ni kofia, ni bia. Klabu zote 30 huwa na usiku huo isipokuwa Texas Rangers.

Ila panapo biashara pia pana mvutano. Juni 2022 warushaji watano wa Tampa Bay walikataa kuvaa nembo ya upinde wa mvua kwa sababu ya imani yao ya Kikristo. Mwaka uliofuata kamishna Rob Manfred alisema ligi imezishauri klabu zisiweke nembo hizo kwenye jezi za uwanjani, asije mchezaji akawekwa mahali asipopataka. Nadhani hapo alikuwa na hoja: kofia ya kulazimishwa haimpi moyo kijana aliyejificha. Anayekaa kabati la jirani anampa moyo au anamvunja.

Mfano wake ni wa Machi 2015. Bean alitembelea kambi ya klabu ya Mets ya New York, na Daniel Murphy, Mkristo wa dhati, akawaambia waandishi kwamba hakubaliani na maisha ya Bean lakini hilo halimzuii kumpenda na kumjua. Watu wakawaka pande zote mbili. Bean mwenyewe akaandika kumsifu kwa kusema ukweli.

Afrika Mashariki inaingia wapi?

Kwa mlango wa Uganda. Watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012. Mwaka 2022 Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda, na wengine wamefuata kwingine. Mwaka 2023 Uganda ikapitisha sheria ambayo, kwa baadhi ya makosa, inafika hadi kifo. Kenya na Tanzania zina vifungo vyao vya miaka mingi. Kijana wa Kampala akisajiliwa leo anatoka kwenye sheria moja na kuingia chumba chenye sheria nyingine, na makocha wanampa mwongozo wa maadili siku ya kwanza. Simzungumzii mchezaji yeyote kati yao. Nasema tu jinsi safari ilivyo.

Bila shaka unawajua wa sasa. Tutajie.

Mwaka 1988 mwamuzi Dave Pallone alisukumwa uwanjani na kocha wa Cincinnati, Pete Rose, tukio lililomfungia Rose siku 30. Jina la Pallone likawa midomoni, watu wakaanza kuchimba, na kabla ya msimu kuisha gazeti moja la New York likamwanika. Akahusishwa na uchunguzi wa polisi ambao haukuishia kwenye shtaka lolote dhidi yake. Kazi ikaisha. Miaka miwili baadaye aliandika kitabu akasema mwenyewe yaliyokuwa yake kusema, lakini hakurudi tena kuchezesha Ligi Kuu.

Ujumbe wenye jina huletwa kwangu kila msimu, mara nyingi na picha ya wanaume wawili wakila mgahawani. Naufuta.